Kisiki Hakisahau: Maneno kwa Wakata Miti wa Dar es Salaam

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa diwani, wenyeviti wa serikali za mitaa, mama zangu na baba zangu mnaotuita kukata miti majumbani kwenu, mafundi wenzangu wa chenso, na ninyi vijana saidia fundi mliojikusanya kule nyuma karibu na mlango: nawashukuru kwa kuja. Naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja, unga wa mbao bado uko kwenye nywele. Naomba mlio nyuma msogee mbele, viti vipo. Nitakayoyasema leo yanawahusu ninyi kuliko mtu yeyote humu ukumbini, kwa sababu ninyi ndio mnaoshikishwa chenso, yaani msumeno wa mnyororo, kabla hamjaambiwa lolote kuhusu msumeno huo.

Nimeombwa nizungumzie cheti cha kutumia chenso. Niruhusuni nianzie mbali kidogo, Mafinga.

Mwaka 2022 nilikuwa na miaka 14 kwenye kazi hii. Nilikuwa nimekata miembe ya Tabata, mivinje ya Kigamboni, miashoki ya Upanga na minazi nisiyoweza kuihesabu. Kampuni moja hapa mjini ikanikatalia kazi ya kusafisha kiwanja chake kwa sababu sikuwa na cheti. Nilikasirika. Nikapanda basi alfajiri pale Stendi ya Magufuli, tukapita Morogoro, Mikumi, tukapanda mlima wa Kitonga, jioni nikashuka Mafinga nikitetemeka kwa baridi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kule Mufindi, wilaya ulipo mji huo wa Mafinga, kwenye shamba la misonobari la Sao Hill, mtu wa chenso anafundishwa na kupimwa. Nia yangu ilikuwa karatasi tu. Nichukue karatasi, nirudi, niwaonyeshe wale jamaa.

Siku ya pili mkufunzi akanipeleka kwenye msonobari mmoja. Akachomeka kijiti ardhini, mita kama 15 mbele ya mti, akaniambia, "Fundi, ulaze juu ya kile kijiti." Nikawasha, nikakata, mti ukalala. Ulilala hatua moja kushoto kwa kijiti. Kwangu mimi hatua moja ilikuwa sawa na kulenga katikati, nikageuka nikisubiri kusifiwa.

Yule mzee hata hakuutazama mti. Alikwenda kwenye kisiki, akapiga goti, akafuta unga wa mbao kwa kiganja chake polepole kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya marehemu, halafu akatoa rula fupi mfukoni. Akapima upande wa kushoto: sentimita 4. Akapima upande wa kulia, akanyamaza. Akanivuta mkono nami nipige goti. Upande wa kulia hakukuwa na kitu cha kupima. Nilikuwa nimekata mpaka nikatokeza. Akaniuliza, kwa upole tu, "Fundi, mti huu umeuangusha wewe, au umeanguka wenyewe?"

Kwa wale wasio mafundi, nieleze alichokuwa anapima, maana hapo ndipo kazi yetu yote ilipo. Mti hauongozwi na pale ulipokatwa. Unaongozwa na pale palipobaki bila kukatwa. Kwanza unakata mkato wa mbele, ule mdomo, upande unaotaka mti uangukie, na mdomo huo unaingia kama robo ya unene wa mti. Kisha unakwenda nyuma, unakata juu kidogo ya kona ya mdomo, unaelekea mbele. Lakini hufiki. Unaacha ukanda wa mbao katikati ya mikato miwili, upana wake sehemu 1 kati ya 10 ya unene wa mti. Mti wa sentimita 40, ukanda wa sentimita 4. Ukanda huo ndio bawaba. Mti unapoanza kuinama, bawaba ndiyo inayoushika shina na kuupeleka pale ulipouagiza, mpaka mdomo ufumbe na bawaba ikatike yenyewe mti ukiwa karibu kufika chini.

Kila mtu humu ndani ameona mlango uliong'oka bawaba moja. Unaning'inia upande, unakwaruza sakafu. Mti nao ni hivyo hivyo. Bawaba ikiwa nene kushoto na kulia hakuna kitu, mti unavutwa kushoto. Ndiyo ile hatua moja. Na kule Mufindi hatua moja ni msonobari kulalia msonobari mwenzake. Hapa Tabata hatua moja ni bati la jirani, na chini ya bati kuna watoto wamelala.

Usiku ule sikulala vizuri, na baridi haikuwa sababu. Nilikuwa navikumbuka visiki. Miaka 14 nakata miti, sijawahi hata mara moja kuinama kukitazama kisiki changu. Mti ukishalala nilikuwa nakimbilia matawi, nikakate magogo, nipakie, nilipwe.

Niliporudi Dar nilikwenda Tabata kwa mama mmoja niliyemkatia mwembe miaka mitatu nyuma. Kisiki kilikuwepo bado, kimechipua pembeni, wanakitumia kuwekea karai la vyombo. Mama akaniuliza, "Mwanangu, umesahau nini?" Nikamwambia nimekuja kuangalia kisiki. Akaondoa karai. Nikakifuta kwa maji ya vyombo hivyo hivyo, nikaitafuta bawaba. Pale ilipokuwepo mbao huwa zimechanika zikasimama, unaweza kuzipapasa kwa kidole hata baada ya miaka. Nikapapasa upande mmoja, ipo. Upande wa pili kulikuwa laini kama meza. Mwembe ule ulilala vizuri siku ile, na nilipewa chai na maandazi, na majirani walinipigia makofi. Kumbe ilikuwa bahati. Umbali wa kutoka pale mpaka kwenye dirisha la chumba cha wajukuu wake ni mita sita. Nilipima.

Ndiyo maana nimesimama hapa leo.

Wazee wetu walisema ujuzi hauzeeki. Nawaheshimu, lakini kwenye chenso nimeona ujuzi ukizeeka. Unazeeka kwa njia moja mbaya sana: kosa usiloonyeshwa mapema linageuka kuwa mkono wako wa kawaida. Mimi nilikuwa nakata kwa kupinda kidogo upande wa kulia tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyosimama siku ya kwanza, na aliyenifundisha naye alisimama hivyo. Mti wa elfu moja niliukata na kosa la mti wa kwanza. Hilo si jambo la kumwonea mtu aibu. Huwezi kuona mgongo wako mwenyewe. Unahitaji mtu wa nyuma yako.

Na mtu huyo alikuwepo zamani. Mjerumani Andreas Stihl alipotoa msumeno wake wa mnyororo mwaka 1926, ulikuwa wa umeme na mzito, ukishikwa na watu wawili. Misumeno ya kuvuta kwa mkono tuliyoikuta kwa babu zetu wapasua mbao nayo ilikuwa ya watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini shimoni. Ukipinda, mwenzako anajua, anakufokea. Chenso ya leo anaibeba mtu mmoja kama anavyobeba ndoo. Imekuwa nyepesi, ni jambo jema, lakini imemwondoa yule wa pili. Kwangu mimi kupimwa ni kumrudisha yule wa pili, japo kwa siku moja.

Sasa niseme jambo ambalo mke wangu alinishauri nisiliseme mbele ya watu. Nitalisema.

Ilikuwa masika ya mwaka 2017, Mbezi. Mkungu mkubwa ulikuwa umeangukia ukuta wa nyumba, mwenye kazi alikuwa mkandarasi aliyetuita kwa simu asubuhi hiyo. Nilikuwa na kijana wangu saidia fundi, miaka 19, mkali wa kazi, ananiita kaka. Nikampa chenso akate matawi wakati mimi nafunga kamba. Ncha ya upanga, kile chuma kirefu kinachobeba cheni, ikagusa tawi jingine lililokuwa nyuma ya lile alilokuwa anakata. Hakuliona. Nilichosikia ni injini kubadilika sauti, basi. Nilipogeuka chenso ilikuwa chini na yeye amekaa kwenye matope, anautazama mkono wake wa kushoto kama mkono wa mtu mwingine.

Cheni ya chenso inakwenda kama mita 20 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Ile robo ya juu ya ncha ikigusa kitu kigumu, meno hayapati nafasi ya kuuma, kwa hiyo nguvu yote inaurusha msumeno juu na nyuma, kwa anayeushika. Inatokea kabla akili yako haijajua kwamba imetokea. Hakuna mwenye mikono myepesi ya kuwahi. Kinachoweza kuwahi ni breki ya cheni, ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Msumeno ukiruka, ngao inasukumwa, cheni inasimama.

Breki ya chenso ile ilikuwa imefungwa kwa waya. Niliifunga mimi mwenyewe, miezi mingi nyuma, kwa sababu ilikuwa inajifunga ovyo na kunichelewesha, na sikutaka kuipeleka kwa fundi.

Nilimkandamiza kwa shati langu, tukapanda bajaji, tukafika hospitali akiwa hai. Leo hawezi kukunja vidole viwili. Yupo kwao kusini, tunapigiana simu sikukuu zote, bado ananiita kaka. Mkandarasi yule alizima simu. Hapakuwa na mkataba, jina la kijana halikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulikuwa umeshaanza kazi tangu mwaka 2015, sheria yake ni ya mwaka 2008, na mimi sikuwa nimewahi kuusikia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi nayo ipo tangu mwaka 2003. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mafunzo na vifaa vya kujikinga. Hiyo nayo nilikuja kuijua baadaye, darasani.

Mwenye cheti angefanya nini siku ile? Asingemkabidhi kijana chenso yenye waya. Hilo ndilo linaloulizwa kabla hata injini haijawashwa kwenye mtihani: breki inafanya kazi? Kile kipande cha kudaka cheni ikikatika kipo? Ile swichi ya mpini wa nyuma inayozuia triga isibonyezwe kwa bahati mbaya inabonyea? Meno yamenolewa kwa tupa inayolingana nayo, yote kwa urefu mmoja? Nilidhani nitapimwa kwa kukata. Nusu ya siku yangu ya kwanza ilikuwa kufungua, kusafisha, kunoa na kufunga. Nilikuwa sijui kwamba cheni butu ndiyo inayokufanya usukume, na kusukuma ndiko kunakokuchosha, na mtu aliyechoka ndiye anayekata kwa ncha. Ukitaka kujua chenso ya mtu ni kali, tazama kinachotoka. Vikitoka vipande vya mbao kama chipsi ndogo, iko sawa. Ukitoka unga mwembamba kama sembe, simama, chukua tupa.

Halafu kuwasha. Naona kila siku vijana wananing'iniza chenso mkono mmoja na kuvuta kamba kwa mkono mwingine, hewani. Acheni. Weka chini, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto mpini wa mbele, breki imefungwa, ndipo uvute. Na ukishika, kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini, kisikae juu pamoja na vidole vingine. Hata wewe wa mashoto, kushoto ni mbele na kulia ni nyuma, maana msumeno umetengenezwa hivyo. Kidole gumba hicho kimoja ndicho kinachozuia mpini usichomoke.

Mavazi nitayapita haraka kwa sababu mnayajua, ila hamuyavai. Suruali ya kinga siyo jinzi nene. Ndani yake kuna nyuzi ndefu, cheni ikizigusa zinavutwa, zinajisokota kwenye gia, cheni inakwama papo hapo. Jinzi inachanika pamoja na paja. Najua joto la Dar la Februari, nimelifanyia kazi. Kuna zile za kufunga kwa mikanda, wazi kwa nyuma, zinapitisha hewa. Masikio yazibwe, kelele ya chenso inazidi desibeli 100 na ninyi mnaishika kutwa nzima. Wale ambao usiku vidole vinakufa ganzi, huo ni mtikisiko wa injini unaofanya kazi yake. Msiudharau. Na yeboyebo zibaki nyumbani.

Sasa, kuna watu wananiambia, "Kaka, wewe ulipimwa kwenye misonobari iliyopangwa mistari. Dar hakuna mistari." Ni kweli, na ni hoja nzuri. Mnazi siyo msonobari. Ugumu wa mnazi wote uko nje karibu na gome, katikati ni laini, kwa hiyo bawaba yake inashika pembeni na haishiki katikati. Tena unakula makali ya cheni kuliko mti mwingine wowote ninaoujua. Mwembe mzee unaweza kuwa mzima kwa nje na ndani ni pango. Ugonge kwa kisogo cha shoka, usikilize, kabla hujaukata. Mvinje ulioinamia baharini ni hatari ya aina yake, na mkaratusi ulioinama ni hivyo hivyo. Shina limevutwa upande mmoja kama upinde. Ukikata mkato wa nyuma kama kawaida, kabla hujafika kwenye bawaba mti unaanza kuanguka, shina linapasuka kwenda juu, na nusu ya shina inaruka nyuma, mahali kilipo kifua chako. Nimeona mti ukifanya hivyo mara moja, Kigamboni, nikiwa nimesimama pembeni. Mlio wake unafanana na bunduki.

Mti wa namna ile nilifundishwa kuukata darasani. Unachoma upanga katikati ya shina, nyuma ya pale bawaba inapotakiwa kubaki, ukianza na upande wa chini wa ncha, ule usiorusha. Unatokeza upande wa pili. Kisha unakata kurudi nyuma, na unaacha ukanda mdogo nyuma kabisa unaoushikilia mti kama kamba. Mti hauendi popote. Bawaba yako iko tayari, nzima, pande zote mbili. Unasimama, unatazama njia yako ya kukimbilia, nyuma na pembeni, siyo nyuma moja kwa moja. Unapiga kelele ya kuonya. Ndipo unaukata ule ukanda wa nyuma. Nilijifunzia kwenye msonobari, nikautumia kwenye mvinje. Kwa hiyo nikiulizwa kama mafunzo ya Mufindi yanafaa Dar, jibu langu ni kwamba mti ni tofauti lakini mbao zinatii mambo yale yale.

Kuhusu nyaya za umeme sina maneno mengi. Tawi bichi linapitisha umeme. Mti ukigusa waya au ukiwa karibu kuugusa, hiyo siyo kazi ya fundi tena, ni simu kwa shirika la umeme, TANESCO, na mteja akikuharakisha muache atafute mwingine.

Nilitaka kujua wenzetu wanafanyaje, nikasoma. Ulaya kuna cheti cha chenso cha ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni kutunza msumeno na kukata gogo lililolala chini tu, hakuna kuangusha mti. Ya pili ni kuangusha miti ya kawaida. Ya tatu, miti mikubwa na migumu. Ya nne, ya mwisho, ni miti iliyoangushwa au kuvunjwa na upepo. Uingereza kutumia chenso ukiwa umening'inia kwenye kamba juu ya mti kuna mtihani wake peke yake. Marekani, kwenye misitu ya serikali, kuna daraja A, B na C, na wa A hakati bila kusimamiwa. Vyeti hivyo vina mwisho wake, cha Ulaya miaka 5, cha kule Marekani miaka 3, kisha unapimwa tena.

Naomba mzitazame ngazi zile nne vizuri. Mti ulioangushwa na upepo wameuweka mwisho, kwa sababu matawi yake yamekandamizwa, yamejikunja, yamejaa nguvu usiyoiona, na hujui likikatwa hili lipi litafyatuka. Mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopita pwani yetu, kazi za kwanza tulizoitiwa zilikuwa zipi? Miti iliyolalia kuta na mapaa. Na tulimpa nani chenso? Kijana aliyeanza juma lile. Sisi tunaanzia kwenye ngazi ya nne. Kijana wangu wa Mbezi alianzia kwenye ngazi ya nne.

Kwa hapa kwetu, mwenye nia aanzie wapi? Kwa kazi ya miti na mbao hasa, kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi, na kituo cha mafunzo cha Mafinga. Hapa Dar, pale chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, ulizeni kuhusu urasimishaji ujuzi. Ni utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani, bila kumrudisha darasani miaka miwili. Unahojiwa, unatazamwa ukifanya kazi, pale ulipopungukiwa unaongezewa, kisha unapimwa. Maseremala na waashi wengi wamepita njia hiyo. Nendeni kwa kikundi, mkiwa kumi mnasikilizwa kuliko mmoja, na mkiuliza habari ya chenso ulizeni kwa jina lake, wajue kwamba tupo na tunahitaji. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, nao wana mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kufanya kazi mahali pa juu. Siku ile Mbezi nilikuwa na shati tu. Ningejua kufunga jeraha ipasavyo, sijui, pengine vidole vile vingekuwa vinakunjika. Anayevuna mbao msituni ana habari zake za vibali na Wakala wa Huduma za Misitu, leo siziingilii.

Fedha. Najua mnachofikiri, nami niliwaza hivyo: nauli, ada, malazi, na siku zote hizo huingizi kitu. Ni kweli inauma. Lakini wengi wenu mnacheza mchezo wa kuchangiana fedha, kila mwezi mmoja wenu anapokea. Kundi letu tulikubaliana hivi: kila anayepokea zamu yake, kabla ya simu mpya na kabla ya godoro, anapimwa. Tumeshafika watu wanne. Chenso zetu zina breki, na ile kampuni iliyonikatalia sasa inatupigia yenyewe.

Mama zangu na baba zangu wenye viwanja, nanyi mna sehemu yenu. Mnapotuita mnauliza swali moja, bei. Na anayetaja bei ndogo kuliko wote ni yule asiyenunua suruali ya kinga na asiyemlipa saidia fundi vizuri. Ulizeni cheti, ndiyo, lakini msiishie kwenye karatasi. Mwambieni fundi awashe, aisukume ngao mbele, mwone kama cheni inasimama. Muulizeni: mti ukianza kwenda, wewe utakimbilia wapi? Fundi anayejua atawaonyesha kwa kidole, na njia yenyewe atakuwa ameshaifyeka. Akicheka au akisema Mungu atasaidia, mrudisheni, mumpe nauli yake. Na mti ukishalala, kabla hamjalipa, inameni kwenye kisiki pamoja naye.

Wenyeviti wetu wa mitaa, mtu anapokuja kwenu kabla ya kukata mti mkubwa karibu na nyumba za watu, mwulizeni na nani ataukata. Swali hilo halina gharama.

Sasa tutoke nje. Nimeleta magogo matatu ya mwembe na shina moja la mvinje limesimamishwa na kufungwa kwa minyororo, halianguki. Vijana mlio nyuma mtangulie ninyi, mafundi watafuata. Kila aliyekuja na chenso aiweke chini kwenye mchanga, injini imezimwa, tupite moja moja tuangalie breki. Mwenye breki iliyofungwa waya asiifiche, hatumchukulii chenso yake. Fundi wa kuitengeneza yupo pale chini ya mwarobaini, nimemlipia, na koleo la kukatia waya analo. Kisha mtakata bawaba, mmoja mmoja, nami nitapiga goti. Rula ninayo mfukoni.